Nyota mbili kali alfajiri mashariki, ni sayari? Na zipi zingine zinaonekana huku kwetu?

mchuuzi_wa_isyonje (13 Agosti 2025)

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa jambo ambalo linanikaa kichwani siku zote hizi. Mi kazi yangu viazi, saa kumi usiku tushafika Isyonje kupakia Fuso, na baridi ya huku mwezi wa nane mnaijua, hata kukaza kamba ya turubai vidole vinagoma. Sasa tangu mwezi uanze kila tukimaliza kupakia nikitazama mashariki naona nyota mbili kali zimekaa upande mmoja, moja inawaka hasa, sijawahi kuona nyota inawaka vile, ya pili nayo ni kali ila haiifikii. Mwanzoni ile kali ilikuwa juu na mwenzie chini kwa mbali, kila siku wanasogeleana, jana ndo wakashikana kabisa yani ukinyoosha mkono kidole kimoja kinawaziba wote wawili. Alafu kuna ya tatu iko kulia, juu kidogo, yenyewe inametameta sana mara bluu mara nyeupe mara kama nyekundu.

Utingo anasema ni setilaiti, dereva anasema ni sayari ila hajui ipi. Shule tulikariri majina ya sayari kwa kuimba lakini usiku hatukutoka nje hata mara moja tuonyeshwe hii ni ipi na ile ni ipi. Kwaiyo maswali yangu, hizo ni nini, na ni sayari zipi mtu unaziona kwa macho tu bila darubini ukiwa Mbeya au Iringa?

kamwene_ifunda

Kamwene kaka. Hata huku Ifunda tumeziona, mama mkwe ndo alituamsha jana tukatoka wote na mablanketi mpaka watoto. Nasubiri majibu na mimi.

fundi_simu_soweto

Mkuu setilaiti hapana. Setilaiti inatembea, unaiona inakata anga taratibu kama ndege isiyo na taa za kuwaka na kuzima, dakika chache ishapotea. Kitu kinachokaa palepale na kesho saa ileile kipo, hicho ni nyota au sayari. Shusha apu inaitwa Stellarium, ni ya bure, unaelekeza simu angani inakuandikia jina. Ila ukiwa umesimama karibu na Fuso itakudanganya kwa sababu dira ya simu inavutwa na chuma, sogea mbali na gari, zungusha simu hewani kama unaandika namba nane mara kadhaa ndo uelekeze.

mwl_fizikia_mafinga

Mchuuzi swali lako limenifurahisha kweli, na umeangalia vizuri kuliko unavyodhani, hiyo ya kusema zimesogeleana siku hadi siku ndio yenyewe hasa. Zote mbili ni sayari. Ile kali ni Zuhura, ndio Ng'andu ya wazee, na mwenzie ni Mshtarii, wengi mnaijua kama Jupita. Jana tarehe 12 alfajiri ndo zilikuwa karibu zaidi, chini ya digrii moja kati yao, na kuanzia leo zinaachana, Mshtarii itakuwa inapanda juu na Zuhura inarudi chini kuelekea linakochomoza jua.

Ila ukaribu huo ni wa macho tu, huko angani hazijasogeleana. Mshtarii iko mbali na sisi zaidi ya mara nne ya umbali wa Zuhura, zimetokea tu kuwa kwenye mstari mmoja tukitazama kutoka huku. Na ndo hapo watu wanapouliza, kama Mshtarii ni kubwa kuliko sayari zote, kipenyo chake ni kama kilometa 143,000 na Zuhura ni 12,100 tu, mbona ndogo inaishinda kubwa? Kwanza Zuhura iko karibu na sisi na iko karibu na jua, inapokea mwanga mwingi. Pili imefunikwa na mawingu mazito meupe dunia nzima yake, hayana hata tundu, na yanarudisha karibu robo tatu ya mwanga wote unaoyapiga. Hayohayo mawingu na hewa nzito iliyo chini yake ndo yanafanya ardhi yake iwe na joto la zaidi ya nyuzi 460, risasi inayeyuka.

Ile ya tatu inayometameta sio sayari. Hiyo ni Sirius, nyota halisi, ndio inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, mwanga wake unachukua miaka zaidi ya 8 kutufikia. Na hapo hapo jifunze kitu kimoja kikubwa, kutofautisha nyota na sayari kwa jicho tu. Nyota iko mbali mno, kwetu ni nukta, sasa mwanga wa nukta ukipita kwenye hewa yetu inayochemka chemka unayumbishwa, ndo unaona bluu, nyeupe, nyekundu. Sayari iko karibu, japo kwa jicho unaona nukta kumbe ni kiduara kidogo, mwanga unaotoka upande mmoja ukiyumba wa upande mwingine unafidia, kwaiyo sayari inatulia. Angalizo tu, chini kabisa karibu na milima hata sayari inaweza kumetameta maana mwanga unapita kwenye hewa nyingi, subiri ipande ndo uhukumu.

Sasa swali lako la pili. Kwa macho matupu zinaonekana tano, Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hizi watu wamezijua tangu enzi na enzi, hakuna aliyezigundua kwa darubini. Uranus ndo ya kwanza kugunduliwa kwa darubini, mwaka 1781, William Herschel akiwa Uingereza, na Neptune ikaja 1846. Neptune kwa jicho usihangaike. Uranus iko kwenye mpaka kabisa wa uwezo wa jicho, mtu mwenye macho mazuri akiwa sehemu yenye giza totoro kama Kitulo na akiwa anajua pa kutazama anaweza.

Na uzuri ni kwamba mwezi huu zote tano zipo! Sio kwa wakati mmoja lakini ndani ya usiku mmoja unazipata. Anza jioni, giza likishaingia saa moja na nusu hivi tazama magharibi, sio chini sana, kuna kanyota kafifu kenye wekundu, hiyo Mirihi. Imefifia kwa sababu mwaka huu ilikuwa karibu nasi mwezi wa kwanza na sasa imeshatuacha mbali, inazama kabla ya saa nne. Wengi huku wanaonyeshana nyota nyekundu iliyo juu sana jioni wanasema ndo Mirihi, ile hapana, ile ni Antares, nyota kubwa kwenye kundi la Nge, ukiangalia utaona mkia wa nge umejikunja nyuma yake. Kama saa tatu na nusu usiku Zohali inachomoza mashariki, rangi yake njano iliyopooza, haina makeke. Ukifika Isyonje saa kumi tazama utosini, itakuwa ndo imeanza kuinamia magharibi. Alafu alfajiri hizo mbili zako. Zebaki ndo ngumu, haibanduki karibu na jua, itakuwa nzuri kuanzia kama tarehe 16 mpaka 22 hivi, saa kumi na mbili alfajiri, chini ya Zuhura kwenye mwanga wa kwanza kwanza. Inabidi mashariki kwako kuwe wazi, mlima ukikuziba imekula kwako.

Zote hizo hutazipata popote tu angani, zinapita njia ileile inayopita jua na mwezi. Ukiona nyota kali kaskazini kabisa au kusini kabisa mbali na njia hiyo, sio sayari. Sisi tuko kama digrii 8 na 9 kusini mwa ikweta, njia hiyo inatupita karibu na utosini, wenzetu wa Ulaya mara nyingi wanazitafuta pembeni chini kwenye ukungu. Ongeza na mwinuko, Mbeya mjini tu ni kama meta 1,700, na kiangazi hiki hakuna mawingu. Tuna anga zuri mno jamani, inaniuma watu wanalala wakati lipo bure.

bintikyela

Ndaga fijo mwalimu, nimesoma yote nikatoka nje. Mi niko Kyela huku chini, joto na ukungu wa ziwa mashariki hapaonekani vizuri, lakini Zohali nimeiona saa tano usiku ilipopanda. Swali, zile pete zake naweza kuziona kwa darubini ya macho mawili? Kaka yangu anayo, ile ya kuangalizia wanyama. Na hiyo darubini inafaa kuangalia nini kingine?

mwl_fizikia_mafinga

Pete hapana dada yangu, sitaki uumie bure. Pete zinataka darubini ya anga yenye uwezo wa kukuza kuanzia mara 25 au 30, na mwaka huu hata mwenye nayo anaona pete nyembamba kama uzi, kwa sababu mwezi wa tatu tarehe 23 dunia ilipita usawa wa pete zake zikawa ubavu ubavu kwetu. Inatokea kila baada ya kama miaka 15. Zitaendelea kufunguka miaka inayokuja.

Ila darubini ya kaka yako msiidharau hata kidogo. Ielekeze kwa Mshtarii alfajiri, utaona pembeni yake vinukta vimejipanga mstari mmoja, hiyo ni miezi yake minne mikubwa, ileile Galileo aliiona mwezi wa kwanza 1610. Siku nyingine unaona mitatu au miwili kwa sababu mmoja uko mbele au nyuma ya sayari. Chora kwenye daftari leo, chora kesho, utaona imebadilisha nafasi. Wanafunzi wangu nikiwapa zoezi hili ndo wanaelewa kwamba kuna vitu vinazunguka kitu kingine mbali na dunia, kuliko nikichora ubaoni wiki nzima. Siri yake ni mikono isitikisike, egemeza viwiko kwenye ukuta au juu ya boneti ya gari. Na watoto wasiielekeze kwenye jua kamwe, jua likikaribia kuchomoza darubini irudi kwenye mfuko, sekunde moja tu inaharibu jicho moja kwa moja.

mzee_wa_tukuyu

Vijana wangu hamjambo. Nimepita hapa nikaona nami niseme kidogo. Sisi tulipokuwa wadogo saa ya alfajiri ilikuwa Ng'andu, mtu anaondoka kwenda safari ya mguu Ng'andu ikipanda, na miezi mingine haipo alfajiri unaiona jioni baada ya jua kuzama. Wengine walidhani ni nyota mbili tofauti.

Na msiisahau Kilimia. Nayo iko juu alfajiri hizi, kaskazini mashariki, kale kachungu ka nyota ndogo ndogo zilizobanana. Wahenga walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hapo palikuwa na kalenda ya mkulima kabla ya redio.

Lingine, kuna wanaosema mambo ya anga ni ya Wazungu na vituo vyao vya darubini. Mimi nilikuwepo Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa. Watu walitoka Dar, wengine nchi za nje, kuja Mbarali yetu, na ilikuwa karibu saa sita mchana mwezi ukaingia katikati ya jua likabaki pete ya moto. Mwezi siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na dunia ndio maana haukulifunika lote. Wengi walikuwa wanatazama juu na ile miwani ya karatasi, mimi mjukuu alinivuta akaniambia babu tazama chini. Chini ya mti, pale ambapo majani hupitisha mwanga, ardhi yote ilikuwa imejaa vipete vidogo vya mwanga, mamia, kila kimoja ni sura ya jua lilivyo juu. Upepo ukivuma vinacheza. Nimeishi miaka mingi na sijaona kingine cha kulinganisha. Na mkitoka hapo mkaenda Mbozi mnalikuta jiwe lenyewe la kutoka angani, Kimondo, tani 16, ni chuma kitupu karibu chote. Haya mambo ni yetu.

kamwene_ifunda

Shikamoo mzee. Hiyo ya vipete vya mwanga nimeisoma kwa sauti nyumbani hapa. Mwalimu swali la haraka, hiyo Uranus uliyosema, sa hivi iko wapi?

mwl_fizikia_mafinga

Mzee shikamoo, na asante sana, hiyo habari ya Rujewa nitaipeleka darasani kama ulivyoiandika. Matundu kati ya majani yanafanya kazi ya kamera ya tundu, kila tundu linatupa picha ya jua chini.

Uranus mwaka huu kwa bahati iko jirani na hiyohiyo Kilimia, alfajiri iko kulia kwake kidogo kwa umbali wa kama vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa. Kwa darubini ya macho mawili na ile apu ya fundi mtaipata, ni nukta yenye ukijani bluu. Usitegemee makubwa kwa macho, ila ujue unachokitazama.

mchuuzi_wa_isyonje (21 Agosti)

Wakuu nimerudi. Jana alfajiri mwezi mwembamba kama ukucha ulikuwa palepale na Zuhura na Mshtarii, dereva mwenyewe alizima taa za gari bila kuambiwa tukasimama. Zimeachana sana sasa zile mbili, Mshtarii iko juu kama mwalimu alivyosema. Na Zebaki nimeipata! Tulikuwa tumeshuka tumefika Uyole saa kumi na mbili na dakika chache, anga linaanza kuwa jekundu, chini kabisa kuna kanukta peke yake, nikadhani taa ya mtu mlimani, nikasubiri kakapanda. Haikuchukua muda mwangaza ukakameza. Kuna jamaa wa dukani kaniazima darubini kesho naangalia ile miezi minne.

Sasa nimesikia kuna kupatwa kwa mwezi mwezi wa tisa, ni kweli na huku tutauona?

mwl_fizikia_mafinga

Kweli kabisa na sisi tuko sehemu nzuri, tutauona mwanzo mpaka mwisho. Ni Jumapili tarehe 7 Septemba. Kivuli cha dunia kitaanza kuula mwezi saa 1:27 usiku, saa 2:30 utakuwa umezama wote kwenye kivuli na utageuka rangi ya shaba au wekundu wa kahawia, utabaki hivo mpaka saa 3:52, alafu unaanza kuachiwa na unamalizika saa 4:56. Wekundu unatokana na mwanga wa jua unaopenya kwenye hewa ya dunia pembeni, bluu inatawanywa njiani inabaki nyekundu, sababu ileile inayofanya jua likizama liwe jekundu. Huu hauna madhara kwa macho, tazama kwa kadiri unavyotaka, hata kwa darubini.

Na kwa kuwa hapa tunazungumza sayari, usiku huo chini ya mwezi upande wa mashariki mtaona nyota ya njano iliyotulia, ndo Zohali. Kawaida mwezi mpevu unafuta nyota zote ndogo, lakini ukishamezwa na kivuli anga lote litarudi kuwa jeusi na nyota zitajaa, yani kwa saa moja na dakika 22 mnapata mwezi na anga la giza kwa pamoja. Ombi langu, mwenye watoto asiwalaze mapema siku hiyo, kesho yake wakisinzia darasani mimi kwangu nitawaelewa.

Tatizo moja tu ambalo nalijua kwa huku kwetu, Septemba watu wanachoma mashamba na misitu, moshi unakaa mabondeni na mashariki yote inakuwa ya kijivu. Ukiweza panda sehemu ya juu kidogo, utoke kwenye bonde.

bintikyela

Mi siku hiyo ntapanda Tukuyu kwa dada yangu, huku chini ukungu hauaminiki. Kaka amekubali kutoa darubini.

mchuuzi_wa_isyonje

Jumapili hatupakii, kwaiyo niko huru. Aliyeko Uyole au Igoma anayejua sehemu ya juu isiyo na taa na pa kuegesha Fuso anitumie ujumbe, gari lina nafasi nyuma, tutaweka turubai chini watu wakae.